Mahari ya Inchi Kumi na Moja

Nilipoulizwa nataka mahari gani, nilisema kompyuta. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, kofia mkononi, akiutazama ukuta, maana sijamwona mwanamume wa kwetu Timbwani, Likoni, anayejua atazame wapi anapomuuliza bintiye swali hilo. Akaniuliza tena, safari hii polepole, kana kwamba nina homa. Nikarudia: kompyuta, ile ndogo ya kupakata. Baba akavaa kofia yake akaenda kumwita shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye waziri wa harusi zote za ukoo wetu. Ameoza watu waliokuwa hawatazamani usoni, na leo wana wajukuu. Alikuja, akakaa kitandani kwangu, akavuta pumzi, akaniita kwa jina langu na la baba na la babu. Nikaitika abee. Akaniambia kwamba ameshazungumza na sonara wa mjini kuhusu bangili, na kwamba mimi ni msomi lakini usomi nao una mipaka. Mwanamke huomba dhahabu, alisema, na yule mcha Mungu kupita kiasi huomba msahafu. Kompyuta huombwa serikali.

Sikuwa nafanya ujuaji. Kazi yangu ni kusikiliza. Watu wa utafiti, wa vyuo na wa redio hurekodi wenzao wakizungumza, kisha hunitumia zile sauti, nami naandika neno kwa neno kila kilichosemwa, na kikohozi pia kama kikohozi kina maana. Kazi hiyo imenilipia karo, imemnunulia mama kitanda, na imenifanya niwakatae wachumba wawili bila kuogopa njaa. Tabu ilikuwa moja: kompyuta yenyewe ilikuwa ya kaka yangu. Waswahili wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kompyuta ya kuazima vilevile. Ilikuwa kubwa, nzito, bawaba imevunjika, kioo chake nimekiegemeza kwenye mtungi wa maji. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo stima ikikatika nayo inakatika. Feni yake ilinguruma mpaka mzee anayenong'ona kwenye rekodi nilikuwa namkisia tu, na kumkisia mtu katika kazi yangu ni kumzulia uongo.

Sasa nilikuwa naolewa Kisauni, na kompyuta ya kaka ingebaki Likoni na kaka. Bila kuwa na yangu mwenyewe, wiki ya pili ya ndoa ningekuwa naomba hela ya sabuni. Nimewaona dada zangu wakiiomba hela hiyo, wanavyoanza kwa kusifia shati la mume na kumalizia kwa kulia. Wallahi niliogopa hilo kuliko nilivyouogopa usiku wa harusi wenyewe.

Mtu angeuliza, kwa nini usiseme tu ununuliwe kama zawadi? Kwa sababu zawadi ina ndugu wengi. Mahari ni ya mwanamke peke yake. Si ya baba yake, si ya mumewe, si ya ukoo wowote. Ndiyo sheria ya dini, na kila mtu wa Likoni anaijua vizuri sana mpaka siku inapomgusa.

Mchumba wangu nilimweleza kwa simu kabla ya wazee kufika. Yeye ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha saruji kule Bamburi, mtu mpole, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku ya Ijumaa. Alinyamaza kidogo, nikajua sasa anatafuta namna ya kuvunja uchumba. Kumbe alikuwa anafikiri. Akaniuliza yenye memori kiasi gani. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimempenda mtu sawasawa.

Wazee wa Kisauni walipokuja kujibiwa posa, wanaume walikaa barazani na wanawake wakaingia ndani. Habari ya mahari iliposemwa kule barazani, aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi alikuwa baba wa mchumba wangu, ambaye sasa ni bavyaa wangu. Ni mzee aliyestaafu bandarini, mnene, mchangamfu, asiyeweza kuliacha jambo lipite bila kulitia chumvi. Aliuliza kama mwaka wa pili nitaomba na printa. Kisha akauliza, kompyuta ikipata virusi, watoto watatoka salama? Wanaume wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Ndani hakukuwa na kicheko. Mama wa mchumba wangu, mavyaa, ni mwanamke mwembamba wa maneno machache, na yale machache anayapanga. Alisema kompyuta si neno, kompyuta watanunua wao wenyewe, tena ile kubwa, na itawekwa sebuleni kila mtu aitumie. Mahari na iwe dhahabu, kama watu. Lile neno "kila mtu" sikulimeza. Niliiona kompyuta hiyo kabla haijanunuliwa: imefunikwa kitambaa cha kufuma, watoto wa jirani wanachezea mpira ndani yake, nami nimekaa pembeni nangoja zamu. Bibi harusi mtarajiwa anatakiwa anyamaze chini ya leso yake. Nilinyamaza kadiri nilivyoweza, nayo haikuwa kadiri kubwa.

"Dhahabu sitaki," nikasema. "Nataka kompyuta, na nataka iwe mahari yangu."

Shangazi alinifinya paja, nikabaki na alama mpaka Jumatatu. Mavyaa hakukasirika. Aliuliza tu kama hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho, nikasema ndiyo. Nilimwogopa sana siku ile, na nitasema kweli, sikumpenda.

Jambo likapelekwa kwa sheikh. Sheikh wetu asubuhi hufundisha Kiswahili shule ya upili, alasiri hufundisha dini, kwa hiyo hakuna saa anayokubali kukosewa. Alisema kompyuta ni mali halali na inafaa kuwa mahari. Lakini mahari haiwi kitu cha gizani. Lazima ijulikane ni aina gani, ukubwa gani, mpya au iliyotumika, na pande zote mbili ziikubali hiyohiyo, la sivyo mtu ataahidi kompyuta alete kikokotoo cha wauza vitunguu. Kisha akaiita kipakatalishi, na bavyaa, aliyekuwepo, akamuuliza mwenzake kama hicho si kile kipele cha kwapani.

Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba kompyuta yangu ikalinganishwe na kuchaguliwa na baraza la watu ambao hawajawahi kuwasha hata moja. Upande wetu alitoka shangazi. Upande wao alitoka mavyaa. Mimi nilikwenda kwa kuwa nilikataa kubaki, na mchumba wangu alikwenda kwa kuwa ndiye mwenye mfuko.

Tulianza Nyali, kwenye duka la vioo, kwa sababu mavyaa alisema mahari haitafutwi sokoni. Ndani mlikuwa na baridi ya mashine, na kijana mwenye tai akatuita "wateja wapendwa", shangazi akamwambia shikamoo huanzwa na mdogo. Baada ya hapo kijana alikuwa na adabu ya msikitini.

Mavyaa aliipata yake papo hapo. Ilikuwa ndogo, mpya, nyembamba kama chapati ya maji, na rangi yake ya dhahabu. Akaigeuzageuza, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Akaniambia tazama, dhahabu na kompyuta kwa pamoja, nimekupa vyote viwili. Na wala haikuwa ya bei mbaya. Nilitamani kuipenda, maana ingetumalizia maneno yote siku ileile. Nikakaa nikaandika juu yake. Naandika neno, kisha nalingoja. Herufi zilikuwa zinakuja moja moja, kama wageni waliochelewa karamuni. Nikamuuliza kijana nafasi ya kuhifadhi ni kiasi gani, akataja, nikapiga hesabu kichwani: ukitoa ile inayoliwa na kompyuta yenyewe, ningebakiwa na pa kuweka mahojiano mawili na khutba fupi. Mchumba wangu akauliza kama inafunguliwa ili kuongezwa memori. Kijana akasema kila kitu mle ndani kimeshikanishwa moja kwa moja, ukiifungua umeiua. Mchumba wangu akairudisha mezani. Kwa fundi, kitu kisichofunguka ni tusi.

Kijana akatuletea nyingine, ile ambayo kioo chake huzunguka mpaka nyuma ikawa sinia. Alipokikunja tu, shangazi akasimama na kutangaza kwa duka zima kwamba amevunja mwenyewe, sisi tumeshuhudia, na hatulipi. Ilibidi aikunje na kuikunjua mara kadhaa kumtuliza. Nikaijaribu kwa adabu. Ilikuwa nzuri, ila vidole vyangu vilikuwa vikigusa kioo kwa bahati mbaya na kufungua picha za milima, na bei yake ilimfanya mchumba wangu akohoe. Tukatoka, mavyaa akitazama nyuma mara mbili kuiangalia ile ya rangi ya dhahabu.

Kutoka hapo tukaenda Kongowea, kwa muuza mtumba wa kompyuta ambaye kibanda chake kimebanana na cha muuza dagaa. Sijui nimweleze vipi mtu yule. Hakuwa na kompyuta hata moja iliyotoka kwa mtu wa kawaida. Hii ilikuwa ya daktari wa Ulaya, ile ya daktari mwenzake, na ile pale ya daktari aliyeiwasha Jumapili tu. Nilimuuliza kwani Ulaya hakuna wagonjwa wanaonunua kompyuta. Akacheka, akaniambia dada, wewe na mimi tutaelewana.

Akapanga tatu mezani: nyeusi kubwa, ya fedha ya wastani, na moja ndogo sana, nyeusi nayo. Shangazi akazitazama kwa zamu, akakunja mikono ya buibui, akauliza mizani iko wapi. Muuzaji akadhani anatafuta dagaa, akamwonyesha jirani. Shangazi akamwambia hapana, anataka zipimwe hizi. Maisha yake yote alikuwa amekaa kwa sonara akiangalia mahari ikiwekwa kwenye mizani, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa kompyuta mambo ni mengine. Mimi nilijaribu kumwambia. Akaniuliza nimeolewa mara ngapi.

Basi mizani ikaazimwa kwa muuza dagaa, ikatandikwa gazeti, na kompyuta tatu za madaktari zikapimwa moja baada ya nyingine huku wanunuzi wa kitoweo wamesimama kutazama. Nyeusi kubwa ilishinda kwa mbali. Shangazi akaiwekea mkono juu, akasema imekwisha, ndiyo hii. Nikamwambia shangazi, mimi nataka ile iliyopimwa kidogo kuliko zote. Alinihurumia. Aliwageukia wale wanunuzi wa dagaa na kuwaambia kwamba mchagua nazi hupata koroma, nao wakatikisa vichwa, wakakubaliana naye.

Ile ndogo ilikuwa ya inchi kumi na moja. Ilitengenezewa watoto wa shule wa nchi fulani ya baridi, kwa hiyo ilikuwa na kingo nene za mpira, iangushwe, ipigwe teke, imwagiwe uji. Haikuwa na uzuri wowote. Juu ya kifuniko, mtoto mmoja wa huko alikuwa amebandika picha ya mjusi mkubwa mwenye meno, na muuzaji alipoibandua ilitoka nusu. Mavyaa aliiona akarudi nyuma hatua. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mwanawe hatooa kwa mtumba wenye mjusi. Nilitaka kumkumbusha kwamba friji yake, gari la kazini kwa mwanawe na viatu vyangu vyote vilitumiwa na Mzungu kwanza. Nikameza.

Nikaiwasha. Nikaandika, na herufi zikaja palepale nilipoziita. Nikaweka spika za masikioni, nikafungua rekodi niliyokuja nayo kwenye simu, ya mkulima mmoja wa vijiji vya ndani huku pwani anayeeleza habari ya shamba lake na anasema kwa kunong'ona kwa sababu jirani yake yuko karibu. Rekodi hiyo ilikuwa imenitesa mwezi mzima. Kompyuta ile haina feni ndani. Nilimsikia mzee yule akimeza mate. Nilisikia jina la mpaka wa shamba ambalo nilikuwa nimeliachia nukta nukta, nikacheka peke yangu kama mwehu mbele ya dagaa.

Wakati huo huo stima ikakatika, kama desturi yake. Ile kubwa nyeusi ikazima. Ya fedha ikapepesa, ikazima. Yangu ikaendelea kuwaka pale gizani kibandani, tena muuzaji akaonyesha kwamba inachajiwa kwa waya kama wa simu, hata ukiwa na betri ya mfukoni unaendelea na kazi. Mavyaa alisema tumepanga na watu wa stima. Shangazi alisema jambo kubwa zaidi: ikiwa ni nyepesi hivyo na bado ina nguvu, basi ina jini. Nikawaambia jini huyo nitaolewa naye.

Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma muda wote na mikoba yetu. Akaja, akaipindua ile ndogo, akapitisha kidole kwenye skrubu za chini, moja baada ya nyingine.

"Inafunguka," akasema, na uso wake ukatulia. Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia kwamba atakayeitumia ni mimi. Mavyaa akavuta buibui lake, akasema haya. Ilinunuliwa. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote tulizoziona siku ile, na hilo ndilo lililomuuma shangazi kuliko uzito wake. Jioni alikaa nayo mapajani na chupa ya mafuta ya nazi, akasugua mabaki ya mjusi mpaka Isha. Kichwa kilitoka. Mkia uligoma.

Siku ya nikaha, wanawake tulikuwa nyumbani na wanaume msikitini, na kama kawaida kipaza sauti kilikuwa wazi. Kwa harusi nyingine hutajwa tu mahari waliyoafikiana, mambo yakaisha. Sheikh wetu alisema mahari hii ni ngeni na yeye hataki maneno baadaye, kwa hiyo ataitaja. Akaitaja, kwa Kiswahili chake cha darasani, juu ya mapaa ya Timbwani nzima: kipakatalishi kimoja, cha inchi kumi na moja, cheusi, kilichokwisha kutumika, pamoja na chaja yake. Kisha msikiti ukacheka, na ndani ya kicheko hicho nikaijua sauti ya bavyaa. Mume wangu alisema amekubali, haraka, kabla sheikh hajaongeza mkia wa mjusi. Chumbani kwetu wanawake walipiga vigelegele, baadhi yao kwa kuchelewa, maana walikuwa wanaulizana kipakatalishi ni nini. Mimi sikuona aibu hata kidogo. Nilifurahi mpaka wanja ukaniteremka.

Nikahamia Kisauni. Tulipewa vyumba viwili vya uani kwa wakwe, na kwa kuwa mtandao ulishika vizuri sebuleni kwao, nikawa nafanyia kazi pale, kwenye kona ya dirisha. Bavyaa alikuwa na kiti chake cha kamba upande wa pili, na kila asubuhi alinisalimia kwa kuuliza mahari imeamkaje. Nilimjibu kwamba haijambo, inamsalimu. Tulipendana, mimi na mzee yule. Mavyaa alifagia mpaka kwenye miguu yangu, akangoja niinue, akafagia chini yake, akaenda zake. Kazi ziliingia. Hela ya kwanza ilipokuja nilinunua sabuni, mche mzima, ingawa ndani ilikuwepo. Niliiweka bafuni nikarudi kuitazama.

Mwezi haujaisha, wifi yangu akapiga simu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Mtopanga, mtu wa shughuli nyingi. Hakunipigia mimi. Alimpigia kaka yake, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu kiwandani. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, kompyuta nimeiacha sebuleni inachaji, na ndani yake kazi ya mchana ule, ya mteja mpya ambaye alinieleza waziwazi kwamba mtu akimchelewesha mara moja hamtumii tena.

Mume wangu akachungulia mlangoni. Aliniambia kwa wepesi tu, kama anayeniarifu kwamba mkate umekwisha, kwamba dada anaiazima ile kompyuta kidogo, wiki moja, ana picha za harusi ya mwenzao wa kikundi anataka kuzipanga. Nikamwambia nina kazi ya leo. Akasema amekwisha kumkubalia. Kisha akasema, "Si kaka yako atakupa ile yake kwa wiki moja?"

Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo si mbaya. Ndiye aliyeuliza memori. Hakuweza tu kumwambia dada yake hapana, kwa vile hajawahi kumwambia. Nami nilikuwa na nazi mkononi. Nilijua maneno yote. Ningeweza kumwitia sheria, sheikh, kipaza sauti na msikiti mzima. Lakini bibi harusi wa mwezi mmoja anayemnyima wifi yake kitu, hata mama yangu mzazi angeniambia mpe, mwanangu, usianze na ugomvi. Na wiki moja ya wifi naijua, haina Jumapili. Nikakaa pale juu ya mbuzi ya nazi nikiwa nimekasirika mpaka machozi.

Akaondoka. Nikamfuata mpaka mlango wa sebule, mikono ina machicha. Alikuwa ameshaitia kwenye mfuko wa plastiki, chaja inaning'inia nje. Bavyaa alikuwa kitini na kikombe chake cha kahawa. Mavyaa alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye uteo, kainama, nikajua hapo sina langu. Ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba kila mtu aitumie.

Bila kuinua kichwa akamuuliza mwanawe anaipeleka wapi. Akamwambia kwa dada, anaazima.

"Irudishe," mavyaa akasema.

Mume wangu akacheka kidogo, akamwambia mama, ni wiki moja tu. Mavyaa akauweka uteo chini. Alizungumza kwa sauti ileile ya Kongowea, ya chini kabisa, na hakuwa ananitazama mimi wala mwanawe.

"Mimi bangili zangu za mahari baba yako aliziazima fungate haijaisha. Za kumpa dada yake, avae kwenye harusi. Wiki moja." Akachukua chuya moja ya mpunga, akaitupa nje ya uteo. "Irudishe mahari ya mtu, mwanangu."

Mume wangu aliirudisha. Aliitoa mfukoni, akaiweka mezani, akachomeka chaja yeye mwenyewe, na mikono yake ilikuwa na haya. Nilitaka kumkumbatia mama yule pale pale mkekani na machicha yangu. Sikuthubutu. Nilikaa nikavaa spika za masikioni, sikubonyeza kitu, na sote bila kutaka tukajikuta tunamtazama bavyaa. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kwa ajili ya mzaha, na mzaha haukuja. Akaweka kikombe chini. Akatafuta kofia yake pembeni mwa kiti, akaikuta kichwani, akasema anakwenda msikitini. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, na hakuna aliyemuuliza anakwenda kuswali sala gani.